JINSI MAREKANI ILIVYOVUKA BAHARI, NA VITA VIKAFIKA MPAKA BONDO

Jina la Marekani lilitangulia kujulikana Afrika ya Mashariki kabla ya Wamarekani wenyewe. Lilikuja pamoja na nguo. Kitambaa kile cha pamba, kizito, kisichotiwa rangi, ambacho wazee wa pwani na wa bara walikiita merikani, kililetwa na jahazi kubwa za Salem, mji wa bandari katika jimbo la Massachusetts. Kilishushwa Unguja, na misafara ikakibeba mpaka nchi za ziwa. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 konseli wao alikuwa amekwisha kukaa Unguja, miaka minne kabla ya konseli wa Kiingereza. Walichotaka ni pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Nchi ya mtu ng'ambo ya bahari hawakuitaka bado. Nchi walizozitwaa wakati ule zilikuwa katika bara lao wenyewe, nao wenyeji wake hawakuulizwa shauri.

Mambo yaligeuka mwaka 1898. Marekani ilipigana na Uhispania kwa sababu ya kisiwa cha Kuba, na katika miezi michache tu manowari zake ziliishinda Uhispania katika bahari mbili. Kwa mkataba wa amani Marekani ilipata Puerto Rico na Guam, na visiwa vya Ufilipino ikavichukua kwa malipo ya dola milioni 20. Mwaka huo huo ilitwaa Hawaii, ambako malkia wa nchi alikuwa amekwisha kuondolewa kitini mwaka 1893 na watu wenye asili ya kigeni. Wafilipino walikuwa wamepigana na Mhispania ili wajitawale; walipoona bendera imebadilishwa tu, walishika silaha tena, na vita hivyo viliendelea mpaka mwaka 1902. Ni ajabu kidogo kwamba mambo haya yalitendwa na taifa ambalo lenyewe lilizaliwa kwa kukataa kutawaliwa na mfalme wa ng'ambo.

Mmoja wa watu waliohimiza sana mambo hayo alipata kuonekana Kisumu. Theodore Roosevelt, aliyepigana Kuba mwaka 1898 kisha akawa Rais, alikuja kuwinda Afrika ya Mashariki mwaka 1909, na mwezi wa Desemba alipanda meli Kisumu kwenda Entebbe. Gari la moshi lililomleta lilipita juu ya madaraja ya chuma yaliyotengenezwa Marekani, kati ya Mau na ziwa.

Katika Vita Kuu vya kwanza Marekani iliingia mwezi wa Aprili 1917. Nyanza mwaka huo ulikumbukwa kwa jambo jingine, yaani Kariakoo, wapagazi waliochukuliwa kwa maelfu na wengi wao wasirudi.

Vita vya pili vilikuwa na habari nyingine. Wajapani walitaka mafuta, mpira na bati za Asia ya Kusini. Marekani ilipowakatia mafuta mwaka 1941, waliamua kupiga kwanza. Tarehe 7 Desemba 1941 ndege zao zilishambulia manowari za Marekani katika bandari ya Pearl Harbor, Hawaii. Muda si muda waliingia Ufilipino, Malaya na Burma, na Singapore ikaanguka tarehe 15 Februari 1942.

Yafaa kueleza jinsi mambo ya mbali vile yalivyomgusa mtu wa Sakwa au Yimbo. Ndege za majini zilizotua ziwani Kisumu zilikuwa zikisafiri kutoka Durban mpaka Australia. Singapore ilipotekwa, njia ilikatika, zikaishia Calcutta. Kamba bora za meli zilitengenezwa kwa nyuzi za mmea wa Ufilipino unaofanana na mgomba. Nyuzi hizo zilipokosekana, katani ya Tanganyika na Kenya ilitakiwa sana, na mashamba ya mkonge yakatafuta vibarua kila mahali, hata Nyanza.

Vijana nao waliandikwa askari. Watu wa Kenya karibu laki moja walitumika katika vita hivyo, na wa Nyanza walikuwamo. Wengine hawakufika walikotumwa. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Ceylon, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani, ikazama kwa dakika chache. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika ya Mashariki.

Waliofika Burma waliwekwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki. Tangu Agosti 1944 walishuka bonde la Kabaw wakati wa masika, katika matope na malaria, wakiwafuata Wajapani. Barabara ilikuwa haipitiki, kwa hiyo chakula na risasi viliangushwa kwa miavuli kutoka ndege za Dakota zilizoundwa Marekani. Desemba walifika Kalewa, na hapo daraja la futi 1,154 likatandazwa juu ya mto Chindwin.

Kaskazini ya hapo Wamarekani walikuwa wakikata barabara kutoka Ledo, India, kwenda China. Sehemu kubwa ya askari wao waliofanya kazi hiyo walikuwa watu weusi, wakiwa katika vikosi vya peke yao, maana jeshi la Marekani liliwatenga. Amri ya kukomesha ubaguzi huo ilitolewa na Rais Truman mwaka 1948, vita vikiwa vimekwisha miaka mitatu.

Ufilipino ulipata uhuru tarehe 4 Julai 1946. Hawaii haikuachwa, mwezi wa Agosti 1959 ilifanywa jimbo la 50 la Marekani. Mwaka huo huo kijana wa Kogelo katika Alego, mwendo mfupi kutoka Bondo, aliyekuwa amesoma Maseno, alikwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Hawaii, mjini Honolulu, karibu na Pearl Harbor. Jina lake Barack Obama. Mwanawe aliyezaliwa huko mwaka 1961 alichaguliwa Rais wa Marekani mwaka 2008.