Moshi Hugeuka Ungali Hewani

Watu wengi hudhani kwamba moshi ukisha kutoka katika dohani hupaa na kupotea, na huo ndio mwisho wake. Sivyo. Kama vile maziwa yaliyotiwa kibuyuni jioni yasivyokuwa yale yale siku ya tatu, ndivyo na moshi ugeukavyo saa kwa saa.

Tutazame mji wa London, Uingereza. Tangu tarehe 5 mpaka tarehe 9 Desemba, mwaka wa 1952, upepo ulitulia, baridi ikazidi, na ukungu mzito ukaufunika mji. Watu walikoka moto wa makaa ya mawe majumbani, na moshi haukuwa na pa kwenda. Hapo kwanza ilihesabiwa kwamba watu 4,000 hivi walikufa. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba huenda walifika 12,000.

Ni kitu gani kilichowadhuru? Si masizi meusi peke yake. Makaa ya mawe yana salfa, nayo ikiungua hutoa gesi kali isiyoonekana kwa macho. Gesi hiyo iliingia katika matone ya ukungu ikageuka kuwa asidi, ya namna ile itiwayo katika betri za motokaa. Kila maji ya matone yalipokauka, asidi iliyobaki ilizidi ukali. Hiyo ndiyo hewa waliyoivuta.

Masizi nayo hayabaki kama yalivyozaliwa. Chembe ya masizi itokapo motoni haishiki maji, mfano wa unyoya wa bata. Ikisha kukaa hewani saa kadhaa au siku, gesi nyingine huganda juu yake na kuivika kama koti. Ndipo huanza kunywa maji na kuvimba, na mwishowe hushushwa na mvua. Hata moshi wa motokaa hubadilishwa na mwanga wa jua, jambo alilolithibitisha mtaalamu Arie Haagen-Smit kwa hewa ya Los Angeles, Marekani, katika miaka ya 1950. Chembe nyingi zizaliwazo hivyo ni ndogo mno: hata 30 zikipangwa kwa mstari hazizidi upana wa unywele mmoja. Kwa hiyo hupenya mpaka ndani kabisa ya mapafu.

Mwaka wa 1956 Uingereza ilitunga sheria ya hewa safi, na moshi mweusi wa mijini ukapungua. Lakini viwanda vikubwa vilijengewa dohani ndefu ili upepo uichukue gesi ya salfa mbali. Upepo uliichukua kweli, ukaigeuza njiani, na pamoja na gesi ya nchi nyingine za Ulaya ikanyesha kama mvua ya asidi huko Norway na Sweden. Samaki wakafa maziwani. Mwaka wa 1979 mataifa yalitia sahihi mapatano mjini Geneva ili kuzuia madhara hayo.

Basi, mwenye kuchoma takataka nyuma ya nyumba yake, na mwenye lori litoalo moshi mzito, wasijitulize kwa kusema, "Upepo utauchukua." Upepo huuchukua, lakini hauumalizi, huufikisha kwa jirani umekwisha kugeuka. Dawa ya moshi ni kuupunguza pale pale motoni, kabla haujaanza safari.