Kufundisha Kusikiliza Katika Darasa la Kwanza

Stadi za lugha ni nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Katika maandalio ya somo, ile ya kwanza ndiyo isahauliwayo mara nyingi, kana kwamba kila mwenye masikio anajua kusikiliza.

Tumfikirie mtoto ambaye lugha yake ya nyumbani haitofautishi sauti /l/ na /r/, jambo la kawaida katika lugha nyingi za Kibantu. Mwalimu asomapo imla, mtoto huandika "karamu" badala ya "kalamu", naye huhesabiwa mzito. Wino mwekundu haumsaidii, wala fimbo. Kosa halimo mkononi, limo sikioni.

Kwa hiyo tunapendekeza hatua tatu. Kwanza, mwalimu atamke jozi za maneno: kalamu na karamu, mahali na mahari, fahali na fahari. Wanafunzi, wakiwa wamefumba macho wasije wakaigana, wainue mkono wasikiapo /r/. Pili, atoe maagizo yanayodai kitendo: "Weka kalamu juu ya daftari." Tatu, asimulie hadithi fupi, akitaja swali moja kabla ya kuanza, ili wasikilize kwa lengo.

Katika hatua zote, mwalimu aseme mara moja, au mbili tu. Darasa lililozoea kurudiwa mara tano hungoja ile ya tano.

Imla ije baadaye. Sikio likishapambanua, ndipo ulimi na mkono vitakapoweza kufuata.