Mrudishie Jembe Lake



Leo tujifunze jambo linalogusa familia nyingi, ingawa kwenye jumuiya huwa tunalinong'ona tu: tufanyeje ndugu yetu, mtu mzima, anaporudi nyumbani baada ya kuugua akili?

Swali hili niliulizwa Kenyamonta, huku kwetu Serengeti, nilipokuwa kwenye utume wa likizo. Baada ya kipindi cha VIWAWA kijana mmoja alinivuta pembeni. "Frateri, kaka yangu katoka hospitali Mwanza. Tunamfanyia kila kitu, mbona anazidi kunyauka?"

Nikamwomba anitajie hicho "kila kitu". Shamba la kaka analima mdogo wake. Pikipiki imeuzwa. Simu anakaa nayo mama, asije akatuma hela ovyo. Ng'ombe wake wanapelekwa mnadani bila yeye kuulizwa. Chakula analetewa pale pale chini ya mti alipoketi. Yote hayo wameyafanya kwa upendo. Lakini hesabu vizuri: tangu asubuhi mpaka jioni, hakuna kitu hata kimoja ambacho yule kaka ameamua mwenyewe.

Tusikilize Injili

Fungua Marko 5:1-20. Kabla hatujaendelea, tuelewane: si kila ugonjwa wa akili ni pepo. Malaria haiponi kwa kukemewa, na magonjwa ya akili nayo yana dawa na wataalamu. Hapa nataka tutazame kitu kimoja tu, namna Yesu anavyomtendea yule mtu.

Wanakijiji walikuwa na njia yao: pingu na minyororo. Yesu anaanza kwa kuzungumza naye, anamuuliza jina. Baadaye watu wanamkuta ameketi, amevaa nguo, akili zimetulia. Kisha inakuja sehemu ambayo huwa tunaipita haraka: mtu huyu anaomba afuatane na Yesu, na Yesu hakubali. Anamtuma nyumbani kwa watu wake, akawasimulie. Aliyekuwa akiishi makaburini anarudishwa na kazi mkononi.

Yesu angeweza kumweka karibu naye, amtunze. Lakini uponyaji wake unamrudishia mtu nyumba yake, sauti yake na wajibu wake.

Kanisa linafundisha nini?

Kwenye mafundisho ya jamii ya Kanisa kuna kitu kinaitwa kanuni auni. Papa Pius XI aliieleza mwaka 1931 katika waraka wa Quadragesimo Anno: si haki kumnyang'anya mtu kazi anayoweza kuifanya kwa juhudi zake mwenyewe. Mkubwa yupo ili amsaidie mdogo atende. Hayupo ili atende badala yake. Tumezoea kuisikia ikitajwa kuhusu serikali, lakini inaingia hata jikoni kwetu.

Tulipokuwa tunasoma falsafa, Mtakatifu Thomas wa Akwino alinifungua macho hapo. Anasema Mungu angeweza kufanya yote peke yake, ila kwa wema wake amewapa viumbe heshima ya kuwa chanzo cha mambo. Sasa basi, kama Mungu mwenyewe ametuachia nafasi ya kutenda, mimi ni nani nimfungie ndugu yangu?

Wengine wamefanyaje?

Kule Lutindi, Korogwe mkoani Tanga, kuna hospitali ya akili ya ndugu zetu Walutheri. Mahali pale palianza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na tangu 1904 pakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Pamoja na dawa, kazi za mikono na za shamba ni sehemu ya matibabu.

Zimbabwe nako, mwaka 2006, Dk. Dixon Chibanda alianza na mabibi 14 katika mtaa wa Mbare, Harare. Bibi anaketi na mtu kwenye benchi na kumsikiliza. Kisha mwenye shida mwenyewe anachagua tatizo moja la kuanza nalo na kupanga hatua yake. Benchi hilo la urafiki limefika hadi Zanzibar.

Tuanzie wapi nyumbani?

1. *Muulize kabla ya kumfanyia.* Yesu alimuuliza hata Bartimayo kipofu anataka afanyiwe nini (Marko 10:51), ingawa shida yake ilionekana.

2. *Mrudishie kitu kimoja kwa wakati.* Familia ile ya Kenyamonta ilianza na kipande cha shamba. Wao walitaka mahindi, kaka akachagua mihogo. Wakanyamaza. Hapo ndipo uhuru unapoanza: pale anapochagua tofauti na wewe.

3. *Msindikize, usimbebe.* Nendeni naye kliniki, lakini daktari akiuliza, mwache ajibu mwenyewe. Dawa asiziache kwa sababu ameombewa. Ongeeni na daktari kwanza. Paroko naye aulizwe kuhusu Mpako wa Wagonjwa.

4. *Mwite jina lake.* Akikosea kidogo kama tunavyokosea sote, usiseme "ugonjwa umerudi".

5. *Jua mipaka.* Akizungumzia kujiua, au akiwa hatarini, usimwache peke yake. Apelekwe hospitali haraka. Siku mbaya zitakuwepo, na siku hizo ndipo atahitaji mikono yako zaidi. Zikipita, mrudishie tena jembe lake.

Maswali ya kutafakari

- Nyumbani au kwenye jumuiya yetu, nani tunamfanyia kila kitu lakini hatumuulizi chochote?
- Ni kitu gani kimoja ninaweza kumrudishia wiki hii?

Tuombe

Ee Yesu, uliyemrudisha mtu wa makaburini kwa watu wake, wajalie ndugu zetu wanaoinuka utulivu wa akili na nguvu ya mikono. Nasi utupe upendo usio na minyororo. Amina.