Aina za Galaksi

Usiku usio na mbalamwezi wala mawingu, simameni mahali penye giza mkatazame juu. Mtaona utepe mweupe, hafifu, umekatiza mbingu. Hiyo ni nuru ya nyota nyingi mno, na jua letu ni moja miongoni mwao. Kundi kubwa la nyota la namna hiyo, pamoja na gesi na vumbi vilivyomo, huitwa galaksi.

Galaksi ni nyingi, wala hazifanani. Mwaka 1926 Edwin Hubble, Mmarekani mjuzi wa nyota, alizipanga kwa maumbo yao katika aina kuu tatu.

Aina ya kwanza ni bapa kama sahani, nayo ina mikono iliyojizinga toka katikati kama mistari ya gamba la konokono. Galaksi yetu ni ya aina hii. Kwa kuwa sisi tumo ndani yake, twaiona kwa ubavu, ndiyo sababu huonekana kama utepe.

Aina ya pili haina mikono. Ni mviringo kama chungwa, au imerefuka kama yai.

Aina ya tatu haina umbo maalum. Ni kama unga uliomwagika. Mfano wake ni Wingu Kubwa la Magellan. Sisi tukaao kusini ya Ikweta twaweza kuliona jioni za Januari, upande wa kusini, mfano wa kiwingu kisichopeperushwa na upepo. Nuru yake husafiri yapata miaka 160,000 hata itufikie.

Je, tofauti hizi ni za sura tu? La, sivyo. Nyota huumbika kwa gesi baridi. Katika aina ya kwanza na ya tatu gesi hiyo kwa kawaida ingali tele, na nyota mpya huzaliwa. Katika aina ya pili karibu imekwisha. Nyota zake nyingi ni za kale. Ni kama mji wa wazee usiosikika kilio cha mtoto mchanga.

Zamani wajuzi wengine walidhani kwamba galaksi za mfano wa yai ni changa, na baadaye huota mikono. Walikosea. Galaksi mbili zenye mikono zikigongana, mikono huvurugika, na mara nyingi hubaki galaksi moja mfano wa yai. Basi, msikadirie umri kwa kutazama umbo peke yake.

Maswali
1. Kwa nini galaksi yetu huonekana kama utepe?
2. Aina ipi ina nyota changa chache, na kwa sababu gani?
3. Wajuzi wa zamani walikosea nini?