Magurudumu ya Pikapu Iliyoinuliwa: Pima Kabla ya Kununua

Wewe mkulima wa settlement unaijua vizuri njia yako wakati wa masika. Lori la viazi limepita jana, likaacha mitaro miwili mirefu na tuta katikati. Pikapu yako ikiingia hapo hukalia tuta, magurudumu yanazunguka bure, na maziwa yanaharibika nyuma. Ndipo mtu hushauriwa ainue gari na kutia magurudumu makubwa. Shauri hilo laweza kuwa jema, lakini matairi manne ni fedha nyingi, na ukikosea hayarudishwi dukani.

Kwanza ujue jambo hili. Kuinua gari kwa springi ndefu huinua bodi na chesisi tu. Ekseli ya nyuma, pamoja na difu, yaani lile tungi la chuma lililo katikati yake, hubaki pale pale ilipokuwa. Na difu ndiyo inayogonga tuta! Kinachoinua difu ni tairi lenye kimo kikubwa zaidi, na hata hilo huiinua kwa nusu tu ya kimo kilichoongezeka. Kazi kubwa ya springi ndefu ni kulipa tairi hilo nafasi ya kuzunguka. Mtu aliyeinua gari lake na kuacha matairi ya zamani, kwa habari ya tuta hajapata kitu. Amenunua kimo cha kutazamwa.

JINSI YA KUPIMA

Soma namba zilizo ubavuni mwa tairi. Tuseme ni 245/70R16. Hiyo 245 ni upana kwa milimita. Hiyo 70 maana yake kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana, yaani milimita 171 na nusu. Hiyo 16 ni inchi za rimu. Inchi moja ni milimita 25.4, kwa hiyo rimu ni milimita 406. Jumlisha rimu na bavu mbili, ya juu na ya chini: tairi lina kimo cha milimita 749. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa 265/75R16, nawe utapata 804. Tofauti ni milimita 55, na difu yako itapanda milimita 27, zaidi kidogo ya inchi moja.

Usidanganyike na rimu kubwa. Ukitia rimu ya inchi 18 na tairi lenye ubavu mwembamba, kimo chaweza kuwa kile kile cha zamani, na ubavu huo mwembamba hukatwa upesi na mawe. Kwa njia za shamba, rimu ndogo na ubavu mnene ni bora.

GHARAMA ISIYOANDIKWA DUKANI

Katika mfano wetu tairi limekua kwa asilimia 7. Sindano ya mwendo ikionyesha 80, gari kwa kweli linakwenda karibu 86. Kilomita nazo zitahesabiwa pungufu, basi mwenye kukodisha gari kwa kilomita atajipunja mwenyewe. Injini itachoka mlimani, utashuka gia mapema, na mafuta yataliwa zaidi. Breki pia zitakuwa na kazi kubwa kuliko zamani, kwa maana gurudumu kubwa ni zito na ni gumu kusimamisha.

Jambo la hatari zaidi ni kupinduka. Gari lililoinuliwa hubeba uzito wake juu. Pakia magunia 20 ya viazi ya kilo 50, hiyo ni tani moja, kisha pita kando ya mteremko wenye utelezi: gari lililokuwa likisimama imara sasa laweza kulala ubavu. Kwa hiyo usiinue zaidi ya inchi mbili ikiwa gari ni la mizigo. Magunia yapangwe chini, yafungwe, wala watu wasikae juu yake.

Tazama pia namba ya uzito iliyo baada ya kipimo. Namba 112 maana yake tairi moja laweza kubeba kilo 1,120 likijazwa upepo wa kutosha; namba 100 ni kilo 800 tu. Usikubali namba iliyo chini ya ile ya tairi ulilokuja nalo gari, hata kama tairi jipya ni kubwa na linapendeza.

Tairi lenye meno makubwa yaliyoachana hujisafisha katika udongo mweusi, lakini barabarani hupiga kelele na huisha mapema. Kama una kilomita 3 za matope na 40 za lami mpaka sokoni, chukua meno ya kadiri, na minyororo uiweke garini kwa siku mbaya.

Gurudumu la akiba liwe la kipimo hicho hicho, hasa kwa gari linalovutwa na magurudumu yote manne, kwani vimo tofauti huumiza gia. Angalia kama jeki yako inafika. Ongea na mwenye bima na mkaguzi wa magari kabla ya kazi kufanywa.

Ukifika dukani, omba wafunge gurudumu moja la mbele kwanza. Kata usukani mpaka mwisho kulia, kisha kushoto, na watu wanne wakiwa wamesimama nyuma ya gari. Rudia upande huo wa mbele ukiwa umepanda juu ya jiwe au ukingo. Likigusa bodi au chesisi, likataeni na kushuka kipimo kimoja. Lisipogusa, lipia mengine matatu na la akiba, na baada ya kilomita 100 kaza nati zote tena.