Kura ni Ushahidi: Nani Atasimamia Mambo ya Mtaa Wetu?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo: ndugu zetu, somo hili ni juu ya jambo ambalo watu huulizana misikitini na barazani kila ukaribiapo uchaguzi. Je, yatupasa kupiga kura, au ni salama zaidi mtu akae nyumbani kwake? Na liko swali la pili lililoshikana na hilo: serikali hizi zilizo karibu nasi, yaani kaunti, ziongezwe madaraka na mali, au zilivyo zatosha?

Tumeona tuyajibu pamoja, kwani hayatengani. Madaraka yakiletwa karibu na watu wasioshughulika nayo, ni kama maji yaliyofikishwa mlangoni pa mtu asiye na mtungi. Atayateka mwingine, naye atabaki akilalamika kiu.

Wala jambo hili si dogo. Mwaka 2013, katika kila watu 100 walioandikishwa Kenya nzima, kiasi cha 86 walipiga kura. Mwaka 2022 walikuwa kiasi cha 65. Na katika Mombasa mwaka huo hata nusu haikufika. Basi waliobaki nyumbani walikuwa wengi kuliko waliokwenda, na viongozi wa mji wakapatikana vivyo hivyo.

KURA NI NINI?

Tuanze kwa kulijua jambo lenyewe kabla ya kulihukumu. Marehemu Mufti Muhammad Shafi wa Pakistani, aliyefariki mwaka 1976, ameeleza kuwa kura ina sura tatu katika sheria yetu. Kwanza ni ushahidi: mpigaji anashuhudia kuwa mtu huyu afaa kwa kazi hii. Pili ni shafaa: anamwombea mtu huyo cheo. Tatu ni uwakilishi: anamtuma asimame mahali pake, na si pake peke yake, bali mahali pa watu wote wa mtaa.

Mwenye kuyafahamu haya matatu ameshajibiwa swali lake. Qur'ani, katika Suratul Baqara, imekataza kuuficha ushahidi, na ikamhesabu mwenye kuuficha kuwa moyo wake una dhambi. Na katika Suratun Nisaa tumeamrishwa kuzifikisha amana kwa wanaozistahiki. Mtu akijua kuwa fulani ni mwaminifu na fulani ni mla mali ya watu, kisha akanyamaza siku ya kuulizwa, amenyamaza na ushahidi moyoni. Na mwenye kumshuhudilia mbaya kwa sababu ni wa ukoo wake, au kwa sababu amepewa leso na noti, huyo ameshuhudia uwongo.

Wala tusidhani kuwa kuchagua wasimamizi ni mambo yaliyozuliwa na wageni. Katika ahadi ya pili ya Akaba, walipokuja watu wa Madina wanaume sabini na watatu na wanawake wawili, Mtume hakuwawekea wasimamizi kwa kutaka kwake. Aliwaambia wawatoe wenyewe kumi na wawili, wakatoa tisa katika Khazraj na watatu katika Aus. Tazama mambo mawili: wasimamizi walitoka kwa watu wa pale pale, na kila kabila lilikuwa na wake. Na wale wanawake wawili waliahidi kwa nafsi zao. Basi kura ya mke si mali ya mumewe, wala kura ya binti si ya baba yake. Shahidi ni yule aliyejua.

SHUBHA TATU NA MAJIBU YAKE

Shubha ya kwanza. Wako wasemao: serikali hii haikusimama juu ya sheria ya Kiislamu, basi kuingia katika uchaguzi wake ni kuiridhia.

Jawabu: Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, aliomba mwenyewe kusimamia ghala za Misri, na mfalme wake hakuwa wa dini yake. Hakuomba kwa kupenda cheo, bali kwa kuwa njaa ilikuwa yaja na watu wangeangamia. Na Mtume wetu, kabla ya kupewa utume, alihudhuria mapatano ya Fudhuli katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an, walipopatana wakubwa wa Makka kumsaidia kila aliyedhulumiwa. Baadaye, katika Uislamu, akasema kuwa lau angeitwa kwa mapatano kama yale angeitika. Basi kushirikiana na asiye wa dini yako katika kuleta haki na kuondoa dhara ni sunna, si kuiacha dini. Maji ya mfereji na taka za mtaani havimjui Mwislamu wala asiyekuwa Mwislamu.

Shubha ya pili. Wengine husema: sisi Wapwani tumedhulumiwa, na kupiga kura ni kuutia muhuri udhalimu.

Jawabu: dhulma katika ardhi na kazi hatuikanushi. Lakini tutazame yaliyopita. Kabla ya uchaguzi wa 4 Machi 2013, kundi la Mombasa Republican Council, lenye kauli ya kuwa Pwani si Kenya, liliwataka watu wasipige kura. Uchaguzi ukafanywa, magavana wakaapishwa, viti vya wadi zote vikajazwa. Hakuna kiti hata kimoja kilichobaki tupu kwa kuwa mtu fulani alikasirika. Kususia huwa na nguvu pale ambapo unachokisusia hakiwezi kwenda bila yako. Uchaguzi huenda bila yako, na huzidi kuwa mwepesi kwa yule usiyemtaka.

Shubha ya tatu, nayo ndiyo yenye wafuasi wengi: wote ni wezi, tuchague nani?

Jawabu: ikiwa huna ila wawili, mmoja akiba senti na mwingine akiba shilingi, akili na sheria zote zakwambia uizuie dhara kubwa kwa iliyo ndogo. Tena wezi hao hawakuteremka kutoka mbinguni. Mwenye kununua kura hukusudia kuirudisha fedha yake. Hebu tufanye hesabu. Mtu akipokea shilingi 500 kwa kura yake, na muda wa uongozi ni miaka mitano, ameuza haki yake ya dawa, maji na barabara kwa bei isiyofika senti 30 kwa siku. Hata kipande cha mkate hakipatikani kwa fedha hiyo.

TULIKOTOKA

Vijana wengi hudhani kuwa ugatuzi ulianza mwaka 2010. Sivyo. Mwaka 1963 nchi ilipata katiba ya majimbo, na Pwani ikawa na baraza lake, rais wake akiwa Ronald Ngala. Lakini serikali kuu ilichelewesha kuyapa majimbo mali na kazi zake. Mwezi wa Novemba 1964 chama cha KADU kikajivunja, na nchi ilipokuwa jamhuri, 12 Disemba 1964, majimbo yalikuwa yamekwisha nguvu. Kisha mwaka 1969 ikapitishwa sheria iliyoyanyang'anya mabaraza ya kaunti elimu ya msingi, afya na barabara. Watu wakarudi kungojea kila kitu kutoka Nairobi.

Funzo lililomo ni hili: madaraka yaliyoandikwa katika karatasi, yasiyo na mali wala watu wa kuyalinda, huondolewa kwa karatasi nyingine. Waliotangulia walipata majimbo kwa muda usiotimia miaka miwili. Sisi tulipata kaunti 47 kwa katiba iliyotangazwa 27 Agosti 2010, na hizi hazikuondolewa, kwa kuwa zina fungu lao la mali lililotajwa katika katiba yenyewe. Lakini kulindwa na katiba ni jambo moja, na kutumiwa vyema ni jambo jingine.

LILILO MKONONI NA LISILO MKONONI

Siku ya uchaguzi mtu hupewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake, na mwakilishi wa wadi. Watu hugombana juu ya ile ya kwanza, na ile ya sita huitia sandukuni bila kuisoma. Hili ni kosa kubwa. Pwani yetu, kutoka Kwale hadi Lamu pamoja na Tana River na Taita Taveta, ina wadi 130, na Mombasa peke yake ina 30. Huyo wa wadi ndiye anayeipitisha bajeti ya kaunti na kumhoji gavana. Tena ndiye tunayekutana naye sokoni.

Jedwali la Nne la Katiba limezitia mikononi mwa kaunti zahanati na hospitali za kaunti, maji na usafi, uzoaji wa taka, masoko na machinjio, barabara za kaunti, taa za njiani, feri na gati zisizokuwa za taifa, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Mama akikosa dawa katika zahanati ya mtaa, au mtoto akikosa chekechea, swali hilo ni la kaunti.

Lakini polisi, bandari kubwa, shule za msingi na sekondari ni za serikali kuu, na hatimiliki za ardhi nazo haziandikwi na kaunti. Basi anayeahidi katika kampeni ya wadi kuwa atatoa hatimiliki, ama hajui kazi anayoiomba, ama anajua na anatuhadaa. Wote wawili hawafai.

Na pako mahali mpaka wenyewe hugombaniwa. Mwezi wa Mei 2024 Mombasa na Kilifi zilipiga marufuku muguka kwa ajili ya madhara yake kwa vijana. Wakulima wa Embu wakalalamika, serikali kuu ikasema marufuku hayo hayana nguvu, na mahakama ikayasimamisha. Wazazi wengi walishangaa: vipi aliye karibu na ugonjwa hana ruhusa ya kuutibu? Mshangao huo watupeleka katika swali la pili.

JE, KAUNTI ZIONGEZWE?

Katiba yasema kaunti zote pamoja zisipewe chini ya 15 katika 100 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Fungu lao lilikuwa shilingi bilioni 190 katika mwaka wa kwanza, 2013/14, likafika bilioni 370 mwaka 2021/22. Mswada uliojulikana kwa jina la BBI ulitaka kiwango hicho cha chini kiwe 35 katika 100, lakini Mahakama ya Juu iliuzuia mswada wote 31 Machi 2022 kwa sababu nyingine.

Rai yetu ni kuwa ziongezwe, kwani aliye karibu na shida huijua zaidi, na asiyeifanya kazi yake huonekana upesi. Lakini twaongeza sharti: hesabu itangulie nyongeza. Ugatuzi hauleti uaminifu. Huleta tu hazina karibu. Mwizi aliyekuwa Nairobi aweza kuwa sasa ni jirani, ametoka mtaani petu, na sisi twamstahi kwa ujirani. Sayyidna Umar bin Khattab, radhi za Mungu ziwe juu yake, alikuwa akiandika mali ya gavana wake kabla ya kumtuma, ili ajue iliyozidi imetoka wapi. Hakuwaogopa, wala hakuwastahi katika mali ya umma, na hali walikuwa masahaba. Sembuse hawa wetu!

KAZI BAADA YA KURA

Ushahidi haumalizikii sandukuni. Makadirio ya fedha za kaunti hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya mwisho wa Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Katiba imelazimisha bunge hilo lifanye kazi zake wazi na liwashirikishe wananchi. Na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutoa taarifa juu ya kila kaunti, nayo si siri.

Basi kila mtaa uchague watu watatu au wanne, wanaume kwa wanawake, wenye kusoma na wasioogopa, waende katika vikao vya bajeti na warudi kutueleza. Waulize mambo manne: Zahanati yetu imetengewa kiasi gani? Mwaka jana ilitengewa kiasi gani? Zilitumika ngapi? Na iko wapi kazi iliyofanywa? Anayeulizwa haya kila mwaka mbele ya watu huona tabu kuiba. Na yule jirani asiye Mwislamu aitwe pia, kwani zahanati ni moja.

Kwa mukhtasari, ndugu zetu: kupiga kura ni kutoa ushahidi, na kuuficha ushahidi kumekatazwa. Kuiuza kura ni kushuhudia uwongo. Kuzipa kaunti nguvu ni jambo jema likiwa pamoja na hesabu. Asiyeandikishwa na akaandikishwe mapema, asingoje siku za mwisho, kwani uchaguzi mkuu hurudi Jumanne ya pili ya Agosti ya kila mwaka wa tano, haumngojei mtu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki na atupe kuifuata, na atuepushe na kuinyamazia batili hali twaijua. Amin.