Sumaku ya Umeme: Zoezi la Ufundi kwa Wanafunzi wa Kamina

Kwa nini zoezi hili?

Kamina ni njia panda ya reli: kutoka hapa treni huelekea Lubumbashi, Ilebo na Kalemie. Reli ya Lubumbashi ina nyaya za juu zenye umeme wa volti 25,000. Ndani ya mota ya lokomotivi, chuma kilichozungushiwa waya wa shaba hugeuka kuwa sumaku umeme unapopita kwenye waya. Sumaku ya namna hiyo mnaweza kuitengeneza darasani.

Vifaa kwa kila kikundi

• Msumari wa sentimita 10
• Waya wa shaba wenye ganda, mita 2
• Betri kubwa ya tochi, volti 1.5
• Pini za chuma

Hatua

1. Menyeni ganda kwenye ncha mbili za waya.
2. Zungusheni waya kwenye msumari mara 20, mizunguko yote upande mmoja. Waya uliobaki msiukate.
3. Gusisheni ncha kwenye betri, inueni pini, kisha zihesabuni. Rudieni mara tatu.
4. Fanyeni vivyo hivyo kwa mizunguko 40, halafu 60. Andikeni kila hesabu.

Kwa nini waya usikatwe? Waya mfupi hupitisha umeme mwingi zaidi. Mkiukata, mtakuwa mmebadilisha mambo mawili kwa pamoja, na hamtajua ni lipi lililoongeza pini. Fundi hubadilisha jambo moja, hupima, ndipo huamua.

Tahadhari

• Msiunganishe kwa zaidi ya sekunde 10: waya na betri hupata moto.
• Msitumie kamwe umeme wa nyumbani wala betri ya gari.
• Msikaribie nyaya za reli, hata zilizoanguka. Umeme wake huua hata kabla ya kuguswa.

Kwa mwalimu

Waache wanafunzi wabashiri kabla ya kuhesabu. Pini zikigoma kuanguka betri ikiondolewa, usiseme wamekosea: msumari wa chuma kigumu hubaki na usumaku kidogo. Waambie watafute chuma kinachoachia upesi.

Kazi ya wiki ijayo

Kila kikundi kitengeneze winchi ya mbao na kamba yenye sumaku hii, iinue pini kutoka kopo moja na kuziachia katika kopo lingine. Kikundi kieleze mbele ya darasa kilichobadilishwa, na vipimo vilivyokishawishi kubadilisha.